Jeneza kwa Kidole Gumba

Jumatatu, 1 Julai

Nimeitwa kwenye usaili. Ijumaa ya wiki ijayo, mjini Wellington, asubuhi. Kampuni inatengeneza programu ya simu ya kupanga mazishi. Nimeisoma ile barua pepe mara mbili nikidhani ni utani. Si utani. Mtu wako anafariki, unafungua simu, unachagua jeneza kama unavyoagiza piza.

Wanatafuta msanifu wa matumizi. Yaani mtu wa kupanga skrini na vitufe ili mwenye simu asitamani kuibamiza ukutani. Ndiyo kazi yangu miaka yote, kwenye ofisi ya serikali, hadi Machi walipotupunguza. Tangu hapo nimerudi Porirua kwa Baba. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, nalala kwenye kitanda changu cha shule, miguu inaning'inia.

Nimemwambia Baba. Hakubandua macho kwenye raga.

"Kwa hiyo watakulipa ili watu wafe vizuri?"

Nikasema hapana, ili waliobaki wasihangaike.

"Waliobaki lazima wahangaike. Ndiyo kazi yao."

Huyo ndiye Baba. Iosua, mwalimu wa hesabu mstaafu, kiongozi wa kwaya, bingwa wa mambo yote ambayo hakuulizwa.

Jumatano, 3 Julai

Wamenitumia programu yenyewe. Bado haijatoka. Niwape watu watatu waitumie, mimi nitazame, kisha siku ya usaili nieleze nilichokiona. Mazishi yenyewe ni ya kubuni — jifanye umefiwa, panga kila kitu.

Sharti la kazi yetu ni moja: usimsaidie mtu. Ukimsaidia, jaribio limeharibika. Unakaa kimya, unamwangalia anavyoteseka, unaandika. Shangazi Fiapai anasema ndivyo nilivyoendesha ndoa yangu.

Wa kwanza leo, Hinerau, rafiki yangu wa ofisi ya zamani. Amepunguzwa kazi pia, ana muda. Alienda vizuri hadi kwenye swali la ibada itachukua muda gani. Dakika arobaini na tano, au sitini. Basi. Hakuna chaguo lingine.

"Sitini?" Hinerau akainua macho. "Marehemu mjomba tulikaa naye siku tatu marae, kwenye ukumbi wa ukoo, na bado kuna watu walinuna kwamba tumemharakisha."

Akajaribu kuandika siku tatu. Programu ikamwambia amekosea. Mtu aliyefiwa, anaambiwa amekosea! Nimeandika hilo kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 4 Julai

Wa pili, Shangazi Fiapai. Ndugu yake Baba, anaishi nyumba ya pili, anaingia bila kubisha hodi. Alikataa kugusa picha ya jeneza kabla ya kusali. Nikasubiri. Alisali kwa kirefu, akaniombea mume.

Kisha idadi ya waombolezaji. Mwisho themanini.

"Themanini," akasema. "Hao ni waimbaji tu. Familia ikae wapi, juu ya paa?"

Sehemu ya chakula ndiyo ilimmaliza. Sandwichi, au keki na chai. Alishusha skrini, akapandisha, akashusha. Alikuwa anatafuta nyama ya kopo. Makasha kwa makasha, kama ilivyo kwa mazishi yetu watu wa visiwani. Na mikeka ya kuwagawia wageni. Na nani atapewa nini. Hakuona. Akanirudishia simu kwa vidole viwili.

"Hawa watu wako wamewahi kufiwa kweli?"

Nina furaha mbaya. Kadiri programu inavyozidi kuwa mbovu, ndivyo nitakavyokuwa na la kusema.

Jumamosi, 6 Julai

Wa tatu alikuwa Baba.

Nilimweka mezani na kikombe chake cha kakao, nikamwambia ajifanye anapanga mazishi. Ya nani? Yoyote. "Basi yangu," akasema. "Mengine sitayahudhuria kwa moyo wote." Nikacheka. Nikaanza kuandika.

Nilitegemea atanung'unika kila skrini. Hakunung'unika. Alienda kama mtu anayejua njia. Kuzikwa au kuchomwa: kuzikwa. Makaburi: Whenua Tapu, karibu na Mama. Nyimbo: akaandika zote, kwa mpangilio, na nani aanzishe. Hakusita hata mara moja. Katika kazi hii hakuna mtu asiyesita.

Kwenye majeneza akasimama. Akasogeza picha kwa kidole gumba, akarudi, akakunja uso.

"Lile halipo."

"Lipi?"

"La mbao nyeupe. Lenye vishikio vya kamba. Lile nililoweka alama kule kwa jamaa wa mazishi."

Nilikaa kimya. Kwa mazoea, nadhani. Ndivyo tunavyofundishwa: mtu akisema jambo, usimkatize, ataendelea. Hakuendelea. Alitazama kikombe. Kisha akainuka, akawasha televisheni, akaongeza sauti. Hata raga haikuwepo. Walikuwa wanaonyesha kilimo cha kiwi.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani ameongoza kwaya kama kawaida. Besi ya chini kabisa, mikono hewani. Nimemtazama mgongo ibada nzima.

Baada ya chakula nikambana Shangazi jikoni. Hakubisha. Ni valvu ya moyo wa Baba. Anajua tangu Aprili. Siku za Jumatano alizokuwa anaaga kwamba anaenda mazoezi ya kwaya, nusu alikuwa kwa daktari. Upasuaji ni tarehe kumi na saba mwezi huu.

Nikamkuta Baba nyuma ya nyumba anamenya taro, yaani magimbi. Nikachukua kisu kingine.

"Fiapai ana mdomo," akasema.

"Ulienda kuchagua jeneza bila mimi."

"Nilienda na Fiapai. Kazi yake ilikuwa kubishana na muuzaji kuhusu rangi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umetoka kupoteza kazi. Ulikuwa unalia bafuni ukidhani maji yanaficha sauti. Nikuongezee?"

Nikasema mimi si mtoto. Akasema anajua, kitanda kinalalamika. Halafu akanieleza kwamba daktari anasema ni jambo la kawaida siku hizi, kama kubadilisha mpira wa bomba. Na jeneza je? Hilo ni hesabu tu, akasema. Mwalimu wa hesabu hufanya pande zote mbili za mlinganyo.

Nilikata taro yote vipande vidogo mno. Akaniambia hiyo sasa ni supu.

Jumanne, 9 Julai

Mazoezi ya usaili kwa Hinerau. Alivaa miwani ya mumewe ili awe jopo. Nieleze nguvu zako, nieleze udhaifu wako, mbona umekaa miezi bila kazi. Nilijibu vizuri, nikajichukia kiasi cha kawaida.

Kisha: "Tuambie kuhusu mtumiaji aliyewahi kukushangaza." Swali hilo haliachwi kamwe, wote wanaliuliza. Nikafungua mdomo nitoe mfano wangu wa zamani wa mzee na fomu ya pasipoti. Ikatoka habari ya Baba.

Hinerau alivua miwani. Akanishika mkono. Akasema pole, na alimaanisha. Tukanywa chai. Baadaye, taratibu, akiwa anasuuza vikombe:

"Lagi, usinielewe vibaya. Hiyo ndiyo itakupa kazi."

Kibaya si kwamba amesema. Kibaya ni kwamba nilikuwa nimeshawaza. Jumamosi ile ile, mezani, Baba akiwa bado ameangalia kikombe, kuna pembe ya kichwa changu ilisema: hii nzuri, iandike. Na niliiandika. Ipo. "Mtumiaji wa 3: hasiti."

Msanifu gani huyu. Binti gani huyu.

Jumatano, 10 Julai

Nimemuuliza Baba kama naweza kumtaja kwenye usaili. Bora kuuliza. Nikamwambia sitataja jina, nitasema tu mzee mmoja.

"Mzee mmoja," akasema. "Umenipunguza hadi mzee mmoja."

"Baba, ni mfano tu."

"Kifua changu hakiingii kwenye picha zako za ukutani. Wakitaka kunijua waje kanisani, wanione nimesimama."

Nikasema sawa. Akasema usiseme sawa kwa sauti hiyo. Nikasema nina sauti hii hii moja. Tumekula sapasui bila kuongea, yeye akitafuna kwa hasira, kama tambi zimemtukana.

Alhamisi, 11 Julai

Shangazi amenipigia pasi blauzi. Ameunguza kola. Anasema nikitabasamu sana hawataangalia shingo.

Ijumaa, 12 Julai

Upepo wa Wellington ulinitoa kwenye treni kama ulikuwa na miadi nami. Nilifika nywele zimesimama upande mmoja. Chooni nilizilowesha, zikasimama upande wa pili.

Walikuwa wawili. Kiongozi wao, Philippa, mwanamke wa makamo, mtulivu, kalamu ya wino. Na kijana mwenye viatu vya mbio aliyekuwa anasema "kabisa" kila nilipovuta pumzi.

Nilianza na Hinerau na siku tatu. Nikaenda kwa Shangazi na wale themanini. Niliwaambia programu yao inadhani kila maiti ana ndugu wachache na haraka ya kwenda mahali. Kijana akasema kabisa. Philippa akacheka, kisha akaacha kucheka, akaandika. Nilikuwa najua ninachosema. Nilikuwa nimesahau hisia hiyo, tangu Machi.

"Umesema watu watatu," akasema Philippa. "Wa tatu je? Kuna kilichokushangaza?"

Kila kitu kilikuwa pale. Kikombe, kidole, mbao nyeupe. Ningeongea dakika tano na wote wawili wangelia, na mimi ningeingia kazini Jumatatu.

"Kilinishangaza," nikasema. "Lakini si changu kukisimulia."

Hata kijana hakusema kabisa.

"Basi tuambie ungebadilisha nini kwa ajili yake," akasema Philippa.

Nikasema ningeondoa maneno ya mwanzo, yale ya "Pole kwa msiba wako". Kwa sababu pengine anayeshika simu si aliyefiwa. Pengine ni mwenyewe. Anapanga peke yake, mchana kweupe, ili mtu fulani asije akapanga. Na programu haina mahali pa kumuuliza kama kuna anayejua.

Philippa alifunika kalamu. Aliniangalia kitambo, wala si vibaya. Akasema watapiga simu wiki ijayo.

Kwenye treni nililia hadi kituo cha Tawa. Mama mmoja wa Kihindi akanipa tishu na karanga.

Jumanne, 16 Julai

Simu haijapigwa. Baba amefunga begi: pajama, Biblia, makaratasi ya nyimbo ya kwaya nzima. Nikamuuliza atamwongoza nani huko wodini. Akasema wagonjwa wana mapafu, wengi wao.

Hajauliza niliwaambia nini. Sijasema.

Jumatano, 17 Julai

Hospitali. Wodi, kitanda cha dirishani. Amevaa lile gauni linalofungwa mgongoni na analaani aliyelibuni. "Huyu ndiye ungemfundisha kazi," ananiambia. Shangazi ameenda kutafuta chai. Tunasubiri wamchukue.

Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine.

Nimemwambia sasa hivi. Kwamba waliniuliza kuhusu yeye, na kwamba sikusema. "Walikuuliza wazi kabisa?" Wazi. "Na ulikaa kimya?" Nilikaa kimya. "Wewe," akasema. Akageukia dirisha, akahitaji kukohoa.

Simu yangu imelia. Ilikuwa juu ya mto wa kitanda, upande wake. Namba ya Wellington. Nimenyoosha mkono — ameichukua yeye. Baba, lete. Hapana. Ameshapokea.

"Hapana, ni baba yake. Iosua. Ndiyo, yupo, anaandika. Wewe ni nani? Philippa. Ngoja kwanza, Philippa, kabla hujaongea na mwanangu." Ananigeuzia mgongo, gauni wazi lote, wodi nzima inaona. "Nikuulize kitu. Baba yako bado yupo?"

Anasikiliza.

Anaendelea kusikiliza. Yeye, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi.

Wauguzi wamefika mlangoni na kitanda cha magurudumu. Mmoja anaita jina lake. Baba ameinua kidole kimoja bila kugeuka, kama anavyowafanyia sauti ya kwanza wakitaka kuingia mapema. Wamesimama. Mimi pia nimesimama. "Endelea, mama," anamwambia kwenye simu, polepole. "Ikawaje?"