Jina la Kerubo Ukutani

Kisii Mjini

Dada yangu Wakesho,

Nakusalimu wewe na wote waliomo nyumbani hapo Wundanyi. Kabla sijaenda mbali, niambie mgongo wa mama unaendeleaje, maana uliandika kwamba hawezi tena kuinama shambani. Shemeji yako Mwadime ni mzima. Mimi pia mwili ni mzima, tumbo linakua na kichefuchefu kimeniacha. Moyo ndio mgonjwa, dada, na ndiyo sababu ya kimya changu. Usinigombeze mpaka umalize kusoma.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba yule Mhindi aliyempa Mwadime baraza la kushonea alinyimwa leseni akaondoka na jamaa zake, nasi tukalichukua duka. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye jina la ukoo wao, lakini hakuna aliyejisumbua kukisoma. Watu wote walisema "kwa Mrefu", maana mwenyewe aliinama kila alipopita mlangoni. Aliyetoka Nyamache na ndizi zake, aliyetoka Tabaka na mawe yake ya kuchonga, wakipotezana sokoni walikutana kwa Mrefu.

Mwadime akasema lazima watu waone kwamba sasa duka ni letu. Tukateremsha kibao, na mlango uliokuwa wa kijani tukaupaka buluu. Weee! Wateja wakawa wanapita mbele ya pua zetu wakitafuta mlango wa kijani. Mama mmoja alisimama na kikapu chake akaniuliza, "Hii duka ya Mrefu imehamia wapi?" Nikamwambia ndiyo hii. Akanitazama kana kwamba nataka kumwibia, akaenda zake. Walioingia, waliingia kulalamika. Blanketi za robota lile lile alilolifungua Mrefu kwa mikono yake, walizipapasa wakasema, "Hii ni nyepesi. Ya Mrefu ilikuwa nzito." Hata sukari, eti haikuwa tamu tena. Mwanzoni nilicheka sana. Baadaye vumbi likaanza kukaa juu ya vitambaa vya sare za shule, nikaacha kucheka.

Bibi Kerubo nimekuandikia habari zake mara nyingi. Ni yule mzee wa Gesima aliyekuwa akikaa barazani kwetu kila siku ya soko, karibu na cherehani, na mkungu wake wa ndizi. Nilipofika huku nikiwa sijui hata kuitikia salamu, yeye ndiye aliyenifundisha kusema "bwakire" asubuhi. Mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, aliacha shamba lake akaja kulala kwenye mkeka wetu, akawa ananipikia uji wa wimbi na kunikemea ninywe. Nilimwita magokoro, kama wajukuu zake wanavyomwita nyanya yao. Soko zima lilimpenda. Basi tukakubaliana, mimi na Mwadime, duka lichukue jina lake: Duka la Kerubo. Kwetu kuna heshima gani kupita hiyo? Wewe mwenyewe bintiyo ana jina la bibi yake mzaa baba, na huyo bibi bado anamkimbiza na fimbo.

Hatukumwambia. Tulitaka afurahi ghafla.

Siku ya soko akaja, nikamsomea maandishi ukutani. Aliteremsha mkungu polepole, akashika kitambaa chake cha kichwa.

"Mghoi, mwanangu," akasema, "umeniandika huko juu na mimi bado nakula?"

Sikuelewa. Mwanamke aliyekuwa karibu naye ndiye aliyenieleza. "Sisi huku jina ya mtu tunapatia mtoto wakati mwenyewe ameshaenda. Ukiipatia mahali pengine na yeye ako mzima, ni kama unamuambia afanye haraka."

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Wenzake sokoni wakaanza kumtania, "Kerubo, umefufuka lini?" Alicheka nao, lakini barazani kwetu hakukaa tena. Alihamishia ndizi zake ng'ambo ya barabara, na kila nilipoinua macho nilimwona, naye akitazama kwingine. Wateja wachache tuliokuwa nao wakakatika. Mwanawe mkubwa alikuja, kofia mkononi, akasema kwa adabu, "Mama yetu hajafa. Tafadhali futeni." Mwadime akakaidi. Alisema jina lile ni heshima, na watu watazoea kama wanavyozoea kila kitu. Unamjua shemeji yako. Nilibembeleza, nikanuna, nikakataa hata kumpakulia chakula. Mwisho nikachukua chokaa na brashi, nikalifuta jina mwenyewe mchana kweupe, na soko zima likinitazama na tumbo langu hili.

Siku hiyo magokoro hakuwapo ng'ambo ya barabara. Nikaenda Gesima kumpa habari, nikamkuta amelala. Mvua za mwezi ule zilimwingia kifuani, na pumzi ilikuwa inamkwaruza. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Magokoro, nimefuta."

Akanigeukia. "Umefuta? Si ungengoja kidogo tu." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, akaweka mkono wake tumboni kwangu. "Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa tu."

Tulimzika kwake, kando ya migomba. Nililia kuliko binti zake, sikuona haya.

Siku ya soko iliyofuata, wanawake wakaja dukani, hata wale ambao hawakuwa wamekanyaga hapa tangu mlango uwe wa buluu. Walisimama mbele ya ukuta mweupe. "Mbona hamuandiki?" wakaniuliza. "Sasa ni sawa." Kisha wakaingia, wakanunua sukari, wakanunua chumvi. Yule wa kikapu akafunua blanketi, moja ya zile zile, akaipima mikononi. "Hii ni nzito," akasema, akaichukua. Nikaenda nyuma ya duka nikalia tena.

Mwadime ameshanunua rangi, na kesho ataliandika tena jina lake. Duka litapona, nalijua hilo. Mchungaji ameniambia kwamba jina haliui mtu, ni baridi na uzee. Mwadime naye anasema hivyo hivyo. Wanasema kweli, na bado hainisaidii. Baraza lipo wazi pale karibu na cherehani na mimi siwezi kulifagia.

Nisalimie mjomba Mwakio fundi wa mapaa, mwambie ashuke kabla hajavunjika kiuno. Nisalimie shangazi Mkamburi na kwaya yake, na bintiyo pamoja na bibi yake mwenye fimbo.

Sasa lile gumu. Mama ameshatangaza kila mahali kwamba nikizaa msichana ataitwa Mkawasi kama yeye. Naomba umwambie wewe, maana mimi nitalia kabla sijafika katikati. Mwambie mtoto ataitwa Kerubo. Asidhani nimemsahau au nimewapenda watu wa huku kuliko yeye. Ni kwamba nami sasa naogopa kama wao. Jina lake nalitaka sana, dada, lakini akae nalo mwenyewe, miaka na miaka, nije nimkute bado analo.

Mdogo wako akupendaye,

Mghoi