Kusafisha Mjenzi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Bosi amenipa Mjenzi. Mjenzi! Na vile nimekuwa nikiikwepa tangu niajiriwe. Ni ile programu ya Python inayokusanya bei za mbuzi na ng'ombe kutoka masokoni, inaziunganisha na tafsiri za Kikamba, Kiswahili na Kisomali, kisha inajenga app mpya kabla ya kila siku ya soko. Faili moja. Moja! Ukiisoma hadi chini unafika umechoka kama umetoka kuteka maji mtoni.

Aliiandika Abdiwahab peke yake, wakati ofisi hii ya hapa mjini Wote ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Abdi hufanyia kazi kwao Mutomo. Babake, mzee Dubow, ni mchuuzi wa mbuzi huko huko. Bosi wetu anaitwa Muindi, lakini kwa mdomo ni "bosi" tu. Amesema hataki kitu kipya, anataka usafi. Isomeke, hata yeye bosi akigongwa na bodaboda kesho mtu mwingine aweze kuendelea. Kana kwamba yeye ndiye huisoma!

Nimempigia Abdi kumwambia. Akasema: sawa, safisha, lakini usiguse mwisho wa faili, huko kuna nyoka. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeanza. Function ya kusoma bei za Mutomo, function ya Ikutha, function ya Kanyangi — ni kitu kimoja kimenakiliwa, jina la soko tu limebadilishwa. Ya Ikutha ilirekebishwa zamani, zile zingine zikaachwa na kosa lao. Nimezifanya moja. Mahali pengine programu inaambiwa ilale kwanza ndio iendelee. Ilale kwa nini? Hakuna maelezo. Nikatoa usingizi — ikaanguka. Nikarudisha usingizi. Kuanzia leo: test kwanza, kufuta baadaye.

Jioni tukijenga app ya soko la kesho, Mjenzi ikakwama, kama kawaida yake. "Network timeout." Bosi akampigia Abdi. Abdi akasema ile yake ya siku zote: ni mtandao, nipeni dakika mbili. Ikapita. Bosi akasema huyo kijana ni dawa.

Jumapili, 7 Septemba

Nyumbani Kanyangi. Kanisa na mwaitu, mama yangu, mahubiri marefu, baadaye muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Vumbi kila mahali, mbuzi wanakula hata karatasi.

Zizini nikaona beberu mwekundu hayuko. Kumbe mwaitu alimuuza mwezi uliopita, ile asubuhi app haikutoka hadi adhuhuri. Mwaitu alingoja bei kwa simu, haikuja, broker wa mifugo akamwambia mbuzi wameshuka bei. Uongo! Walikuwa wamepanda. Mwaitu hakulia wala nini, aliniuliza tu, "Kwani siku hiyo nyinyi mlilala?" Nikamwambia ni mtandao. Nilisikia aibu hata hivyo.

Nikamweleza ninasafisha kazi ya Abdi. Akauliza kama Abdi ndiye aliniita. Nikasema ni bosi. Akatikisa kichwa: mwethya, majirani wa kulima pamoja, huitwa na mwenye shamba. Ukiingia na jembe lako bila kuitwa, mwenye shamba haangalii kazi, anaangalia kama unasogeza mpaka. Nikamwambia mwaitu, hii ni kompyuta. "Ni shamba tu," akasema, akaniongezea muthokoi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefika kwa nyoka.

Kuna function inaitwa angalia_mtandao. Haiangalii mtandao wowote. Inatafuta faili inayoitwa ruhusa kwenye server, ndani ya folda ya Abdi. Ikiipata, inaendelea na kazi, halafu inaifuta. Isipoipata, inasimama na kuandika "Network timeout". Nilirudia kuisoma nikidhani macho yangu ndiyo mabaya. Faili yenyewe ni tupu, haina hata herufi moja! Abdi huiweka kwa mkono, akiwa kwao, kila tukimpigia. Hizo ndizo dakika mbili.

Kufuli! Mtu mzima anafunga mlango wa watu kisha anajiita dawa. Na ile asubuhi ya beberu alikuwa wapi na ufunguo wake? Nimekasirika mpaka nikatoka nje kuzunguka jengo. Mama yangu amepunjwa na broker sababu ya faili tupu!

Kwa kopi yangu nimefuta mistari yote ya kufuli. Mjenzi ikajenga moja kwa moja, bila mtu, bila simu. Safi kabisa. Sijamwambia bosi.

Jumatano, 10 Septemba

Nilimpigia Abdi mapema, nimejiandaa kugombana. Hakukana. "Umefika kwa nyoka," akasema. Basi.

Akaniuliza kama ninamjua Kitheka. Sikumkuta. Nakalia kiti chake tu — jina lake bado liko nyuma kwa kalamu ya marker. Abdi akanieleza. Kitheka ndiye alikuwa akisimamia server. Bosi akamwomba aandike maelezo ya kazi yake yote, hatua kwa hatua, hata mtoto wa attachment, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, aweze kufuata. Akaandika vizuri sana, na picha akaweka. Wiki hiyo hiyo akaambiwa asante kwa huduma yako. "Mwenzako akinyolewa, Kathini, zako utafanya nini?"

Nikamwambia habari ya beberu. Akasema alikuwa harusini siku hiyo, simu ikazima, hakujua kuna mtu anaumia. Akasema nimwambie mama pole, kisha akasema tena pole, na nikasikia si ya mdomo. Lakini mkewe Hibaq ni mjamzito, siku zake zimefika. Mbuzi wa mzee wamemalizwa na ukame. Hii ndiyo kazi inalisha nyumba. "Ukitoa hilo kufuli, jua umenitoa na mimi."

Nikasema nitafikiria. Nilikuwa nimebeba hasira kamili, nimerudi na nusu. Leo jioni Mjenzi ikakwama, akaomba dakika mbili, na mimi nikaangalia dirisha.

Jumatatu, 15 Septemba

Bosi: umefika wapi? Nikasema karibu kumaliza. Akakoroga chai. Akasema ikikamilika, anaona Mjenzi ni kazi ya mtu mmoja tu. Alisema hivyo tu, kama anayesema mvua itachelewa, akaenda zake.

Sikumaliza chai yangu.

Jumatano, 17 Septemba

Ikakwama. Bosi akampigia Abdi — mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Kesho soko, na jirani yetu Syombua anapeleka mitamba wake wawili, mwaitu alinipigia mchana kuhakikisha eti leo hatutalala.

Nikatoka nje nikajaribu namba ya Hibaq. Abdi ndiye akashika. Wako hospitali, yuko kwa korido, mambo yameanza. Nikamwambia imekwama. Akahema. "Si unajua iko wapi. Fanya." Nifanye gani? Niweke faili yako, ama niweke code yangu safi? "Ile utaona ni sawa, dada. Niache, naitwa." Akakata.

Ala! Kunitupia mimi!

Nikarudi kwa meza. Kazi safi iko tayari, test zote zimepita, ni kubonyeza tu. Nikibonyeza, kesho na siku zote app itatoka bila kumngoja mtu — na bosi ataona hahitaji tena mtu Mutomo, mke wa Abdi akiwa bado kitandani. Bosi akaja kusimama nyuma ya kiti, chai mkononi. Kwani shida ni nini?

"Mtandao," nikamwambia. "Nipe dakika mbili."

Nikaweka ile faili tupu kwa mkono. Ikapita. Bosi akacheka, akasema siku hizi naongea kama Abdi. Akanipiga bega.

Abdi ametuma ujumbe jioni: msichana. Ataitwa Ismahan.

Alhamisi, 18 Septemba

Mwaitu amepiga simu asubuhi, sauti juu. Syombua ameuza mitamba vizuri! Broker alijaribu maneno yake, akaonyeshwa simu, akaenda kusumbua wengine.

Halafu Abdi. Hakulala, lakini anaongea kama mtu aliyetua mzigo. Ameshika mtoto usiku akawaza habari ya beberu. Anasema Jumamosi niende Mutomo nimwone Ismahan, kuna pilau, nibebe laptop, tulitoe lile kufuli pamoja, yeye mwenyewe ndiye afute. Liwe liwalo. "Nakuita mwethya," akasema. Kwa Kikamba, safi kuliko changu! Sikuwa nimemwambia maneno ya mwaitu, naapa. Nikafurahi mpaka nikaimba ngazini. Nilikuwa nampenda huyu mtu na sikujua, kama kaka.

Saa nane bosi akaniita ofisini. Mimi peke yangu. Nifunge mlango. Akasema kazi yangu ni nzuri, Mjenzi sasa inasomeka, amefungua mwenyewe ile kopi yangu safi akaelewa. Kumbe husoma! Sasa amebakiza kitu kimoja tu: nimwandikie maelezo yote, hatua kwa hatua, hata mtoto wa attachment aweze kufuata. Kufikia Jumatatu.

Nikamwuliza ni ya nani. Akasema ni ya ofisi. Akaniambia asante, Kathini.

Nimerudi kukaa kwa kiti cha Kitheka. Nani atanyolewa, Abdi ama mimi? Kazi ya mtu mmoja, alisema. Hakusema mtu gani.

Nimefungua faili ya maelezo, nikaandika kichwa, basi, hapo nimesimama. Kisha nimetengeneza faili nyingine kwa folda yangu mwenyewe kwenye server. Tupu, kama ile ya Abdi. Abdi ametuma picha ya mtoto anauliza kama Jumamosi bado iko. Sijamjibu. Ile faili bado iko hapo, na inaniuliza nataka kuiitaje.