Leseni ya Kusemesha Watoto

Jumatano, mwezi wa tano. Ukungu umekaa juu ya Uluguru tangu alfajiri na rasharasha hazikatiki. Leo sitoki, spika zangu na maji hazipatani.

Sina hasira wala sina machozi. Naandika tu yaliyotokea jana, kama yalivyo.

Kwa msionijua: mimi ndiye sauti ya mji huu. Msiba, mbuzi aliyepotea, duka jipya la vitenge, vyote vinapita kwenye kipaza sauti changu, kimefungwa nyuma ya pikipiki. Kabla ya hapo nilikuwa utingo wa malori. Nimefika Lusaka, nimefika Lubumbashi, naweza kuomba maji kwa lugha sita na kutongoza kwa tatu. Shule niliishia kidato cha pili. Tulichokana, mimi na shule, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Utotoni nilikuwa na kigugumizi kibaya. Kikaja kupotea nikiwa napiga debe stendi. Watu wanaoijua historia hiyo wakaanza kuniletea watoto wao, na mimi si mtu wa kukataa mgeni. Nikapachika kibao mlangoni: FUNDI WA KUSEMA.

Naam. Fundi.

Ndivyo alivyokuja Mama Zuhura. Anatoka Mlali, kila Jumanne analeta mboga sokoni. Binti yake, Zuhura, ana miaka minne na hajawahi kutamka hata neno moja. Majirani walishamtafutia mtu wa kumkata udata, ule ukamba wa chini ya ulimi, kwa wembe. Nilimtimua yule mtu mpaka akaacha ndara moja. Kwa hilo naomba maua yangu.

Lakini baada ya kumtimua, kazi nikaishika mimi. Miezi mitatu. Kila Jumanne namwimbia, namkunjia sura, namshikisha spika. Anaweka kiganja kwenye spika, anacheka mpaka anakaa chini. Nikamwambia mama yake, huyu yuko mlangoni, bado kugonga tu.

Akaniamini.

Jana asubuhi nikapata mteja. Dada mmoja mpole, mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha, anataka nimtangazie kliniki ya Ijumaa ya kupima watoto. Alipokuwa anaondoka akakisoma kibao.

"Kaka, una leseni?"

"Ya pikipiki?"

"Ya hii."

Nikamwambia mimi na yeye ni kazi moja, tofauti ni koti jeupe tu. Hakucheka. Nikamuuliza sasa inatakiwa nini, nikifikiri ni semina ya wiki mbili yenye chai na soda.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Kidato cha sita, masomo ya sayansi. Alipotaja fizikia nikamwomba airuke; akasema hairukwi. Kisha shahada ya chuo kikuu: unasoma ubongo, koo, sikio, jinsi mtoto anavyojifunza lugha. Kisha unafanya kazi na wagonjwa huku msimamizi amekukodolea macho. Kisha unasajiliwa na baraza, unapewa leseni, na leseni yenyewe unaihuisha. Yeye ilibidi asafiri nje kusoma.

"Miaka yote hiyo kufundisha watu kusema? Mimi nilijifunza stendi."

"Wewe ulikuwa unasikia," akasema.

Sikumwelewa. Wakati huohuo Mama Zuhura akaingia na binti yake, ilikuwa siku yao. Zuhura akakaa uani, akatupa mgongo, akaanza kupanga visoda vyake, vile vifuniko vya chupa za soda.

Dada akaomba ruhusa kwa mama. Akaniambia nisimame nyuma ya mtoto, nisikanyage kwa kishindo, nimwite. Nikamwita kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo si ya kawaida. Hakugeuka. Nikaita tena. Nikachukua kipaza sauti, nikasimama mbali naye, nikaita. Kuku wa jirani wakaruka ukuta. Jirani mwenyewe akatoa kichwa: "Nani kafariki?"

Zuhura akaendelea kupanga visoda.

Dada akasema hicho si kipimo kamili, kipimo ni cha mashine, hiyo Ijumaa. Lakini kitu cha mwanzo kabisa wanachofundishwa ni hicho: kabla hujauliza kwa nini mtoto hasemi, uliza kama anasikia. Na kwa mtoto wa miaka minne kila mwezi una thamani yake.

Kumbe ile spika haikuwa inamwimbia. Ilikuwa inamtetemesha kiganja, basi.

Dada alipoondoka nikabaki na mama. Kwa kuongea mimi sina mpinzani kutoka Gairo mpaka Kilakala, lakini hapo nilitafuta sentensi kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mwisho nikasema moja kwa moja: mimi si mtaalamu, Mama Zuhura. Sijasomea. Nilikuwa nakisia.

Akafunga kanga upya.

"Kaka Shomari, miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Kila Jumanne nampita dada yangu, anayeniambia nimpeleke mtoto hospitali, nakuja kwako."

"Ndiyo, mama."

Sikujitetea. Kibao nilikuwa nimeshakitoa, nimekiegemeza ukutani, maandishi yameelekea ndani.

Akamwinua Zuhura, akamfuta vumbi magotini. Nikafikiri ataondoka asirudi. Akafika mlangoni, akageuka.

"Ijumaa utatupeleka wewe na hiyo pikipiki yako. Saa mbili kamili. Na tukifika kule, wakati wanampima mwanangu, wewe unyamaze. Usisaidie. Usichekeshe mtu. Unyamaze kabisa."

Nimekubali.

Pikipiki nimeshaikagua, mafuta yapo. Hilo la pili, kunyamaza, sijawahi kulifanya tangu nipone kigugumizi. Nitaliweza?