Usukani Uliokuwa Mzito

Mjukuu wangu Zahoro,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Kwai tupo, ila bibi yako miguu haijapona, na ukungu haujaondoka wiki nzima.

Unaniuliza kama ufunge pampu ya steringi, ile ya kulainisha usukani, kwenye lile trekta kuukuu ulilonunua huko Mbozi, maana mabega yanakuuma.

Wakati wa Ujamaa trekta la kijiji tuliliendesha wawili, mimi na rafiki yangu Hoza. Usukani wake ulitutoa jasho. Nikachomoa pampu kwenye lori bovu, nikaifunga mwenyewe. Ukawa mwepesi hata kwa mkono mmoja, watu wakanisifu.

Kabla ya pampu, tukipanda kilima na tela zito, magurudumu ya mbele yakitaka kunyanyuka usukani ulilegea ghafla mikononi, nasi tukasimama. Sasa ulikuwa mwepesi siku zote.

Asubuhi moja Hoza alipanda kilima na tela la viazi. Mengine sitayaandika.

Mjane wake aliniuliza, "Kwani hakuhisi magurudumu yakinyanyuka?"

Funga ukitaka, mabega ni yako. Ila kabla ya kupanda kilima, punguza mzigo. Usukani hautakuonya tena. Ule wa Hoza niliunyamazisha mimi.

Babu yako