Betri ziko kwenye mkeka wa kahawa

Tata,

Ndizi ziko jikoni, nusu hazijamenywa. Nilikuwa nikizimenya, ghafla redio kuukuu ya marehemu mama ikakohoa na kuanza kusema! Nikairukia na kisu mkononi, nikaanza kuzichokonoa nyaya zake. Nawe ukatoka kibanjani, kwenye migomba, ukaniambia, "Kokuhirwa, ukiolewa, mumeo utampikia nyaya?" Iliniuma, nikaona aibu.

Redio imezimika tena. Betri nimezianika pamoja na kahawa. Mvua ikija, ingiza betri kwanza, tafadhali.

~~Mengine nitakueleza jioni.~~ Hapana, jioni nitaona aibu tena. Nimepangiwa kufundisha shule ya kule Rubya, naondoka mwezi ujao. Naitengeneza redio ili nyumba isiwe kimya nikiondoka.

Naogopa kukuacha peke yako, Tata.

Binti yako