Linux Nne Katika Chumba Kimoja

Jumanne, Mpuguso

Kosa ni letu walimu. Kompyuta kumi na mbili tu, Linux, programu inayoendesha kompyuta nzima, za aina nne, kwa sababu kila aliyefundisha hapa aliweka aliyoipenda. Mimi pia.

Leo nilimhamishia Tumaini, wa kidato cha tatu, kwenye mashine nyingine. Akatafuta programu ya kuandikia mpaka machozi yakamtoka. "Mwalimu, jana nilikuwa najua."

Madamu Neema wa fizikia anashauri tuweke kote FreeBSD, ambayo si Linux ila hufanya kazi ileile: inatengenezwa na kundi moja, kila kitu kina mahali pake. Ana hoja. Ila sijui kama printa yetu itaelewana nayo, na mitihani imekaribia...

Baada ya vipindi nimeanza kuweka kote ile Linux waliyoizoea wanafunzi wengi. Ya kwanza kufutwa ilikuwa yangu. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.