Mapengo Yangu Mawili

Jumatatu, 3 Machi 1997

Vichwa vinne leo saluni, vyote rasta ndogo ndogo. Vidole vinawaka. Wa mwisho alikuwa Mama Phoebe, jirani yangu hapa Gatina, Kawangware. Kichwa kikubwa, stori nyingi. Alinichekesha mpaka nikasahau kufunika mdomo. Akanitazama mdomoni, kisha akaendelea na stori yake. Watu wote hutazama. Mapengo mawili chini, moja kila upande, pale meno ya chonge yangekuwa. Harusi yangu ni baada ya Pasaka na sitaki kutoka kwenye picha nimebana midomo kama mtu aliyelamba ndimu. Yatosha. Jumatano naenda.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki ya meno karibu na mtaa wa Highrise. Daktari mwanamke, mpole, mikono baridi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupasua fizi, kuchonga meno ya kando na kugandisha mapya juu yake. Hayo hayatoki tena. Ya pili ni pleti: kipande cha plastiki chenye meno mawili, unavaa asubuhi, unavua ukienda kulala. Hakuna kisu. Mimi nilitaka ya kwanza. Nani anataka meno ya kuvua kama viatu?

Halafu akainua picha ya eksirei. Ndani ya fizi kumelala kijino kimepinda, hakikuota kamwe. Akaniuliza, polepole, "Nani alikuchimba fizi ukiwa mtoto?"

Nilimwambia hakuna. Nilizaliwa hivi. Mama amesema hivyo siku zote, eti ni ukoo wa baba. Daktari alitikisa kichwa. Mtoto akiharisha, fizi zikivimba, watu husema ana meno ya plastiki ndiyo yanamuua. Wanayatoa kwa spoki ya baiskeli. Kumbe ni meno yake ya kweli, hayajaota bado. Hayo yote niliyajua, nani hayajui? Sikuwahi kufikiri ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Sijala. Nimesuka mtu, mistari ikaenda kombo. Nikafumua yote.

Jumamosi, 8 Machi

Soko la Toi. Mama alikuwa kwenye meza yake ya mitumba, sweta za watoto. Nimemuuliza hata kabla ya salamu. Hakushtuka. Alisema, "Uliharisha siku nne. Wekesa hakuchimbwa. Ako wapi?"

Wekesa ni kaka yangu wa kwanza. Alikufa kwa kuharisha kabla sijazaliwa. Nimesimama pale na hasira zangu zote.

Kisha, huku anakunja sweta, akaongeza kwamba aliyenichimba ni Mama Phoebe, enzi zile walipokuwa majirani Kibera. Mama Phoebe! Miaka mitatu namsuka. Ananiita binti yangu. Jumatatu hakuwa anatazama mapengo, alikuwa anatazama kazi yake. Nimerudi Kawangware kwa miguu, sikumbuki njia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechagua pleti. Sitaki chuma kingine kwenye fizi zangu. Daktari alinijaza mdomo kitu laini kama unga wa chapati uliokandwa, achukue umbo la fizi. Nirudi baada ya wiki.

Jumatatu, 17 Machi

Ninayo. Nimejitazama kwenye kioo cha saluni nikalia mbele ya wateja. Napiga filimbi kidogo nikisema "sasa". Haidhuru.

Nilienda moja kwa moja kuonyesha Mama. Alipiga makofi. Halafu akamwita Rose, mdogo wangu, akamwambia aone, dada yake alichimbwa na amepungukiwa na nini? Mtoto wa Rose, Brian, miezi sita, anaharisha tangu Jumamosi. Fizi zimevimba. Wameshapanga, kesho wanampeleka kwa Mama Phoebe. Nimekataa, nimepiga kelele. Rose alinitazama mdomoni akasema, "Lakini wewe si uko sawa tu?"

Nilikuwa na meno kwa saa tano tu. Sikutaka kuyavua nimwonyeshe. Naandika hili na naona aibu.

Jumanne, 18 Machi

Niliwakuta kwa Mama Phoebe. Spoki ndani ya kikombe cha maji ya moto. Brian mapajani mwa Mama, amelegea, Mama Phoebe tayari amempanua mdomo kwa kidole. Nikavua pleti, nikaiweka kwenye kiganja cha Rose, na mate yake.

"Angalia mdomo yangu, Rose. Hivi ndio atakaa."

Mama Phoebe hakuinua macho. Rose alitazama meno, akanitazama mimi, akamchukua mtoto wake. Tulikimbia zahanati. Mama alibaki mlangoni. Alisema mtoto akifa, nimemuua mimi.

Jumatano, 19 Machi

Bado anaharisha. Rose anampa ile dawa ya kuchanganya na maji, kijiko baada ya kijiko. Akifa? Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Ijumaa, 21 Machi

Amekojoa. Amenyonya. Amelia kwa sauti, na sisi pia.

Jumapili, 23 Machi

Mama amekuja Gatina kutoka kanisani, tawi la mtende la Jumapili ya Matawi bado mkononi. Hatukuwa tumeongea tangu Jumanne. Aliketi kitandani. Akaniomba nivue meno. Nikavua. Alinisogeza dirishani kwenye mwanga, akaingiza kidole, akagusa pengo la kushoto, kisha la kulia. Kidole kilikaa hapo kwa muda.

"Mimi ndio nilikushika miguu," alisema.

Nikaweka chai. Amekunywa vikombe viwili. Meno sikuyarudisha mpaka alipoondoka.